Mchumba kaniachia harusi yote, na wapambe wangu wamechoka

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Tabata, na harusi yetu ni Desemba. Kila nikimuuliza mchumba wangu jambo, ananijibu, "Hayo ni mambo yenu wanawake, mimi niambieni tu nivae nini." Huku nyuma mama yake na mwenyekiti wa kamati wamebadilisha ukumbi na rangi bila kuniuliza, naye kanyamaza. Nina wapambe sita. Niliwaambia kila mmoja atoe shilingi 150,000 za gauni, bado viatu, nywele na mekapu. Mmoja kajitoa na hatusemeshani. Nataka kuwanunulia wapambe zawadi wajue nawathamini, mchumba anasema ni kutupa hela. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo kijana. Maua na rangi za vitambaa asipozijua, mimi simlaumu. Kunyamaza kwake ndiko kunakonikera. Mila ya hapa mjini unaijua: sendofu ni ya kwenu, harusi ni ya upande wa bwana. Kamati inayokaa kila wiki, inayosambaza kadi na kufuatilia ahadi, ni ya ndugu na rafiki zake. Ukisimama wewe kupinga ukumbi, utaitwa mjuaji kabla hujavuka kizingiti. Akisema yeye, ni mtoto wa nyumba kasema, na mama yake atamsikiliza hata kama atanuna siku mbili. Hiyo ndiyo kazi ya bwana harusi, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Sasa usimwambie "nisaidie harusi", maana hatajua ashike wapi. Mpe mambo yanayotajika. La kwanza ni hilo la ukumbi: azungumze na mama yake nyumbani, kisha mwenyekiti, kabla ya kikao kijacho. La pili ni hesabu. Akae na mweka hazina ajue kilichokwisha kuingia mkononi ni kiasi gani, mbali na ahadi. Nimeona kamati zikilipia MC, mapambo na keki kwa kutegemea ahadi, wiki ya harusi simu hazipokelewi, na maharusi wakaanza maisha na madeni ya chakula walichokula watu wengine. Mwambie hivyo hivyo, bila kuzungusha. Deni likibaki, litakuja nyumbani kwenu, haliendi kwa mwenyekiti.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka mwanamume na mwanamke wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Kama mnafunga kanisani kuna mafundisho na matangazo, na huko hawezi kukutuma umwakilishe. Mwachie yeye afuatilie tarehe zote hizo.

Mzungumze mkiwa wawili, siku isiyo na kikao. Usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na usimseme mbele ya dada zake. Mwambie umeumia alipokaa kimya, kisha mwache ajibu. Akiendelea na "mambo ya wanawake" hata baada ya hapo, mwanangu, mwone mshenga au mchungaji mapema. Mama huyo huyo kesho atakuwa na la kusema kuhusu mtoto mtakayezaa na nyumba mtakayopanga, na utahitaji mume mwenye sauti. Desemba inaweza kusogezwa.

Kuhusu wapambe nitakuwa mkweli, na nakuomba usikasirike. 150,000, halafu viatu, halafu nywele, halafu mekapu, na nina hakika baadhi yao wana kadi ya mchango kutoka kwa kamati na walishachangia sendofu. Mtu anakupenda lakini ana kodi ya nyumba. Ukimtoza hivyo kisha ukamkabidhi kikasha chenye utepe, atashukuru kwa mdomo tu.

Punguza mzigo kwanza. Nenda Kariakoo ununue kitambaa cha jora uwagawie, kila mmoja ashone kwa fundi wake mshono anaoweza kuuvaa tena kwenye shughuli nyingine. Hicho kitambaa tayari ni zawadi. Viatu wavae walivyo navyo, mradi rangi zisigombane. Nywele kila mtu na zake. Na waambie waziwazi kwamba kadi za mchango haziwahusu.

Baada ya hapo, doti ya khanga inatosha kabisa. Mtaa wa Uhuru utazipata za kila namna, ila soma maandishi kabla hujalipa, maana kuna khanga za mafumbo zinazoweza kukugombanisha na mtu bila wewe kujua. Tia na barua fupi ya mkono wako, umtajie kila mmoja jambo alilokufanyia. Wape siku mnayokutana kujaribu magauni, mkiwa peke yenu. Kutunza watu ukumbini kwa kipaza sauti kunawapa wengine sababu ya kupima nani kapewa nini.

Mchumba akisema ni kutupa hela, mkumbushe vijana waliomsindikiza kupeleka mahari. Nao wanastahili asante, naye ndiye wa kuitoa.

Yule aliyejitoa mpigie simu, usimtumie ujumbe. Mwombe radhi kwa gharama ulizompangia, usimuulize kwa nini alijitoa, na usimlazimishe kurudi kwenye mstari. Muulize kama atapenda kuwa nawe asubuhi ya harusi unapovishwa. Akikubali au akikataa, doti yake nunua pamoja na za wenzake, umpelekee mwenyewe nyumbani kwao.