Maswali yenu kwa mwandishi wa skripti

Nina wazo zuri la filamu, lakini nikilipeleka kwa mtayarishaji naogopa ataniibia. Nifanyeje?

Liandike. Hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda kile kilichokwisha kuandikwa. Maliza skripti nzima, weka nakala yenye tarehe, na ukiituma acha ushahidi wa maandishi. Halafu usitie saini karatasi usiyoisoma. Mimi niliwahi kusaini kwa furaha nikiwa nimesimama mlangoni, kalamu yenyewe ya kuazima. Miezi baadaye ndipo nikagundua nimeuza na sehemu ya pili ya hadithi, ambayo hata sikuwa nimeifikiria. Inaniuma hadi leo.

Skripti iwe na kurasa ngapi?

Ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja hivi ya filamu. Kwa filamu ndefu, kurasa 90 hadi 120.

Mwongozaji amekata mazungumzo niliyoyapenda kuliko yote. Nigome?

Kwanza muulize anaona nini. Niliwahi kuandika mama akimuaga mwanawe: ukurasa mzima na nusu wa wosia, na nilikuwa nimelia nikiuandika. Siku ya mazoezi mwigizaji akausoma, akanyamaza, akaomba ajaribu bila maneno. Akamfunga kijana kifungo cha juu cha shati. Akakifungua. Akakifunga tena. Chumba kizima kilitulia tuli. Nilirudi nyumbani nikafuta wosia wote, nikaandika mstari mmoja: "Mama anamfunga kifungo." Yale maneno hayakupotea bure, maana bila wosia ule mwigizaji asingejua mkono wake unabeba nini. Lakini kama kinachokatwa ndicho kinachobeba hadithi, hapo simama na useme, kwa heshima, na uende na ukurasa mbadala mkononi.

Akili mnemba itatunyang'anya kazi?

Hofu hiyo ninayo pia. Ila tazama yaliyotokea Marekani: mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni waligoma siku 148, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27. Mkataba uliopatikana ulisema kinachotungwa na akili mnemba hakihesabiwi kuwa kazi ya mwandishi, na kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia. Walipigania pia malipo ya kazi zinazoonyeshwa mtandaoni. Hakuna aliyeyapata hayo peke yake, hata wale wenye majina makubwa. Kama uliko kuna chama cha waandishi, jiunge. Kama hakipo, tafuta wenzako muanze kuambiana mnalipwa kiasi gani. Ukimya wetu ndio unaowafaidisha wanaotulipa kidogo.

Huwa unaandika saa ngapi?

Alfajiri, kabla simu hazijaanza. Nikimaliza onyesho nalisoma kwa sauti, na ulimi ukikwama, hapo ndipo pa kurekebisha. Wiki hii ulimi wangu umekwama kwenye onyesho la 14. Nimeliandika mara sita, na kesho nalirudia.