Waini nyeupe ya jina la duka, nilikuwa naiua kwa baridi

Nianze na kosa langu mana ndo limenifanya niandike. Nilinunua chupa ya waini nyeupe, zile ambazo jina la mbele ni la duka lenyewe wala si la shamba, imeandikwa kwa madoido kwamba ni mchanganyiko wa mtindo wa Rhône, yaani wa kule Ufaransa, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote pale kwenye shelfu. Nikaitupia friza kama dakika 40, nikafungua, nikaonja, nikasema hii ni maji. Maji yenye kilevi. Harufu hakuna, uchachu hakuna, ulimi umepakwa kitu kama nta ya mshumaa basi. Nikaisogeza glasi pembeni ya sinki, nikajiambia iliyobaki itaenda kwenye sufuria, nikaosha vyombo, simu ikaita ikawa ndefu, narudi nashika glasi nimwage nakutana na harufu ya aprikoti. Yaani aprikoti iliyoiva hasa, alafu kwa mbali asali na lozi. Glasi ile ile! Kilichobadilika ni ubaridi tu.

Wengi wetu tumejifunzia waini nyeupe kwa zabibu ya Sauvignon Blanc, na ile hata uipoze vipi bado itakuchapa kwa uchachu wake. Za Rhône haziko hivyo. Viognier na Marsanne, ambazo ni zabibu za huko, uchachu wake uko chini, kinachonunuliwa pale ni harufu na ule uzito mdomoni, sasa baridi kali kitu cha kwanza inachofanya ni kufunga harufu. Ukiinywa karibu na barafu umejinyima kile kile ulicholipia. Mi siku hizi naitoa kwenye friji dakika 20 kabla, inatakiwa iwe kwenye nyuzi 10 mpaka 12 hivi, kipimajoto sina, nagusa chupa: ikiwa baridi kama maji ya mtungi sawa, ikiwa bado inatoa jasho mpaka meza inalowa basi nasubiri.

Sasa hayo maneno "mtindo wa Rhône" yasikuchanganye. Rhône ni bonde la mto kule Ufaransa, na waini ya huko haina haja ya kujiita mtindo, inaandika Côtes du Rhône kwenye lebo na maisha yanaendelea, jina hilo linalindwa kisheria tangu 1937. Ukiona "mtindo" ujue mara nyingi zabibu zimelimwa kwingine, kama California au Australia, na wala si wizi, ni zabibu zile zile zimehamia. Huko Australia kuna Tahbilk, jimbo la Victoria, wana mizabibu ya Marsanne iliyopandwa 1927 na bado inazaa. Viognier ndo ilikuwa na bahati mbaya, miaka ya 1960 ilikuwa imebaki vishamba vichache tu kuzunguka Condrieu, kijiji cha huko huko Rhône, ingekufa kabisa, leo ipo mpaka kwenye chupa ya bei ya chini ya dukani kwako. Hiyo mimi huwa inanifurahisha kila nikiisoma kwenye lebo.

Na lebo ya nyuma ndo ya kusoma, ya mbele ni mapambo. Mara nyingi zabibu zinatajwa kuanzia iliyo nyingi. Ikianza Viognier jiandae na manukato, ikizidi inakuwa kama umefungua kabati la sabuni. Ikianza Grenache Blanc itakuwa nzito kidogo na mpole, hiyo ndo naichagua nikiwa na wageni kwa sababu haimkwazi mtu. Roussanne inaleta harufu kama chai ya majani ya dawa, ukiikuta kwenye chupa rahisi shukuru, ni zabibu msumbufu shambani. Kisha angalia kilevi: ikipita asilimia 14 na uchachu ni mdogo, ikipata joto kidogo tu unaanza kusikia moto kooni.

Kitu kingine watu hawakisemi, duka halina shamba. Linanunua kwa mzalishaji mwenye waini imebaki kwenye matangi, au linaagiza mchanganyiko utengenezwe, lebo inabandikwa, hakuna tangazo wala nini, ndo mana bei inashuka. Tatizo ni kwamba mwakani jina litabaki lile lile na ndani kuna kitu kingine. Mi nilipigwa hapo, nilipenda moja, mwaka uliofuata nikabeba chupa sita kwa kumbukumbu bila kuangalia mwaka wa mavuno, na ndo hiyo ya kabati la sabuni niliyokuwa naisema. Sita!! Kwa hiyo sasa nanunua moja, naonja, ikinipendeza narudi haraka kabla shehena haijaisha nachukua za mwaka ule ule. Yale maandishi madogo ya aliyejaza chupa pia nayasoma, yakibadilika najua na mtengenezaji kabadilika.

Usiifiche kabatini kusubiri sherehe. Hermitage nyeupe ya kweli, waini ya huko Rhône yenyewe, ile ya Marsanne na Roussanne, inaweza kukaa miaka mingi sana, lakini hii yetu inywe ndani ya mwaka au miwili tangu mavuno. Niliwahi kuokota moja ya miaka minne shelfu ya chini kabisa, ina vumbi, nikajiona mjanja, kufungua nikakuta rangi ya chai na harufu ya tufaha lililokatwa jana likasahauliwa.

Chakula haina shida, kuku wa kuoka, samaki kwenye siagi, chochote chenye krimu inaenda nacho vizuri mana uzito unakutana na uzito. Epuka tu vitu vya siki au limau nyingi, uchachu wa chakula ukiuzidi wa waini, waini inakuwa bapa mdomoni kama imeharibika, utailaumu bure.

Ikibaki, funga kifuniko rudisha friji. Ya siku ya pili saa nyingine naipenda kuliko ya kwanza, ule ukimya wake wa mwanzo unakuwa umeisha, ya tatu bado inanyweka. Siku ya nne hapo sasa ndo ya sufuria.