Nimekwama chapta ya nane, hamu imeisha, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Mimi niko Malaba, naandika riwaya ya Kiswahili kuhusu msichana ametoka kijijini upande wa Tororo anakuja mpakani kutafuta kazi kwa maajenti wa kliaringi, wale wa kushughulikia karatasi za mizigo forodhani. Chapta saba zilikuja vizuri sana, kwenye ya saba ndio anaajiriwa. Tangu hapo nikifungua laptopu nasikia usingizi tu. Nimeanza ingine mpya ya mapenzi na hiyo inaenda moto. Inspiresheni ya ile ya kwanza nairudisha aje? Na kweli hapa Uganda kuna mtu atasoma riwaya ya Kiswahili?

JIBU: Habari nzuri dada. Jibu umeshaliandika mwenyewe humo ndani ya swali ni vile hujaliona, umesema chapta ya saba anaajiriwa. Sasa huyo msichana tangu ukurasa wa kwanza alikuwa anataka kitu kimoja, kazi, na msomaji anamfuata kuona atapata ama atakosa, na wewe pia ulikuwa unamfuata hivyo hivyo, halafu umempa. Amekaa kwenye kiti anapanga makaratasi. Chapta ya nane afanye nini? Hana cha kufanya! Huo usingizi si uvivu wala si ati kipaji kimekuhama, hadithi ndio imeishiwa swali. Mimi kazi yangu ni kusoma miswada ya watu, na mingi inayokufa katikati inafia hapo hapo, mahali mhusika ameshiba, alafu mwandishi anakimbilia video za motisha kwenye simu wakati shida iko kwenye ploti.

Kwa hiyo acha kwanza kuhangaika na moyo wako, hangaika na yeye. Mpe kitu cha kupoteza. Na wewe uko Malaba bwana, nani akufundishe? Chukua mzigo wa tranziti, umeandikwa unapita tu hapa kwenda Kongo ama Sudan Kusini, ushuru wa Uganda haujalipwa, bondi, yaani dhamana ya huo ushuru, imewekwa, halafu lori linaishia Kampala na mzigo unashushwa usiku kwenye stoo ya mtu. Karatasi ina sahihi ya nani? Ya msichana wako, mgeni ofisini, aliambiwa tu weka sahihi hapa. Bosi aliyempa kazi ndiye anamwambia anyamaze, na mama yake nyumbani ameshaanza kujenga kwa ule mshahara. Sijui wewe, mimi hapo usingizi umeniisha. Si lazima utumie hiyo yangu, lakini kabla ya kuandika chapta ya nane jaza sentensi hii kwenye karatasi: sasa anataka nini, nani anamzuia, akikosa atapoteza nini. Ukishindwa kuijaza usifungue laptopu, toka nje tembea.

Na ukitoka nje sikiliza watu. Mwaka 2020 wakati wa korona madereva walikwama hapo kwenye foleni ndefu wakisubiri vipimo, malori yamejipanga mpaka ndani kabisa Kenya, walikula wapi, waligombana na nani, nani aliwauzia chai, hao watu bado wanapita hapo kwenu na wengi wanapenda kuongea. Andika walivyosema siku hiyo hiyo, kwa maneno yao, maana kesho utakuwa umeyanyoosha yakawa Kiswahili cha shule.

Kuhusu kukaa na kuandika sina mengi. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuwa anasimamisha kazi ya siku wakati bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianzie kwenye ukurasa mweupe, na hiyo naiona ndio mbinu bora kuliko zote kwa mtu mwenye kazi ingine. Trollope yule mwandishi Mwingereza alikuwa mtu wa posta, anaamka alfajiri anaweka saa mezani anadai maneno 250 kila dakika 15 kabla ya kwenda ofisini. Mimi naona hiyo ni adhabu, wewe chukua ile ya kuamka mapema, stima ikiwepo.

Hiyo ya mapenzi inaenda moto kwa sababu bado haijakudai kitu, ni kama mgeni siku ya kwanza, kila mtu anamchinjia kuku. Andika ukurasa mmoja wa mawazo yake ufunge. Ukiihamia sasa, ikifika chapta ya nane nayo utalala.

Alafu usiandike peke yako. FEMRITE pale Kamwokya, Kampala, chama cha waandishi wanawake tangu 1995, kwa miaka mingi wamekuwa na kikao cha Jumatatu jioni ambapo watu wanasomeana kazi zao. Kutoka Malaba ni mbali, najua, basi tafuta hata watu wawili hapo karibu wanaosoma kweli, si wale wa kukuambia nzuri sana dada.

Wasomaji? Sitakudanganya, soko la riwaya ya Kiswahili hapa Uganda bado dogo, hata kama baraza la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Lakini wewe unaweza kuvuka mpaka kwa miguu ukaingia soko lingine. Jennifer Makumbi, mwandishi wetu wa Uganda, riwaya yake ya kwanza ilishinda ikiwa bado mswada, mashindano ya miswada ya Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, kitabu kikatoka Kenya 2014, Uingereza anakoishi kikaja kuchapishwa baadaye sana. Kwa Kiswahili kuna tuzo ya Safal-Cornell, ile zamani ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, fuatilia tangazo lao usome masharti. Ila wanataka mswada uliokamilika, kwa hiyo wiki hii nijazie ile sentensi unitumie, chapta zako saba baki nazo kwanza.