Mifumo miwili katika kompyuta moja: maswali ya wasomaji wa Dodoma na majibu yake

Tangu Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali mengi yamekuja kutoka kwa wenye kompyuta za mtumba ambazo Windows 11 inazikataa, mara nyingi kwa sababu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wengi wanauliza kuhusu kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, pembeni ya Windows. Haya ndiyo niliyoona yatawafaa wengi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Mpwapwa. Laptop yangu ina Windows 10, na fundi anataka kuniwekea Linux pembeni yake. Humo kuna matokeo ya wanafunzi ya miaka mitatu. Je, yatabaki salama?

Mwalimu, Linux yenyewe haina haja na matokeo yako. Hatari iko katika kazi ya kuigawa diski. Kwa hiyo, kabla fundi hajaanza, nakili kila kitu kwenye flashi au diski ya nje, kisha uichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili kadhaa uzione kwa macho yako. Nalisisitiza jambo hili kuliko yote yatakayofuata, kwa sababu diski iliyoharibika hununuliwa nyingine, lakini alama za wanafunzi wa miaka mitatu haziuzwi dukani.

Baada ya hapo, mwombe fundi aipunguze sehemu ya Windows akiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia programu yake ya kusimamia diski, badala ya kuiachia kazi hiyo programu ya kusakinisha Linux. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda data, andika kwanza kwenye karatasi ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, kwa kuwa mashine inaweza kuudai mara tu utaratibu wa kuwaka unapobadilika. Hakikisha pia betri inashika chaji hata ukichomoa waya, maana umeme ukikatika data zikiwa zinahamishwa, faili zinaweza kuharibika zisisomeke tena.

Utafika ukurasa mmoja ambao nakuomba ukae karibu na fundi na kuusoma mwenyewe. Hapo kuna chaguo la kusakinisha Linux sambamba na Windows, na jirani yake kuna jingine linaloanza na maneno "Erase disk". Hilo la pili hufuta diski nzima, Windows na matokeo pamoja.

Kazi ikiisha, shughuli zote za intaneti zifanyie upande wa Linux, na Windows 10 iachie programu zile tu zisizo na mbadala, ikiwa haijaunganishwa na mtandao.

Nasoma UDOM na laptop yangu ina diski ya SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8. Nigawe vipi?

Kwanza, usishangae Windows ikikuonyesha takriban GB 238, kwa kuwa mtengenezaji na Windows hawahesabu kwa kipimo kimoja. Katika hizo, ningeipa Windows 120, kwani ingawa Windows 11 hudai angalau GB 64, masasisho yake hukua mwaka hadi mwaka. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, hupendekeza angalau GB 25, lakini mwanafunzi anayeandika programu atajuta akiishia hapo; tenga 60. Zinazobaki zifanye sehemu ya pamoja ya kuhifadhia kazi zako, na uiandae kwa NTFS, mpangilio wa faili unaotumiwa na Windows. Linux husoma na kuandika NTFS, ilhali Windows, bila programu ya ziada, haisomi ext4 ambayo Linux hutumia kwa kawaida.

Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, na hilo ni bando kubwa kwa mwanafunzi. Mwenzako wa hosteli akiwa nalo, nakili kwake bila wasiwasi, maana leseni inaruhusu. Ila linganisha alama yake ya uhakiki, yaani ile ya SHA256, na iliyochapishwa na Ubuntu wenyewe kabla hujalitumia.

Nina duka la stesheni Nkuhungu. Kila nikitoka Linux kurudi Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa tatu: saa mbili asubuhi inasomeka saa kumi na moja alfajiri. Nimebadilishiwa betri ya ubao mama, lakini tatizo liko palepale.

Betri yako ya awali haikuwa na kosa, na nasikitika kwamba ulilipia usichokihitaji. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikizimwa. Linux huiandikia saa hiyo wakati wa ulimwengu, yaani UTC, kisha huongeza tofauti ya eneo inapokuonyesha kwenye kioo. Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa tayari ni saa ya hapa. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC, na ndizo hizo unazozikosa, hali inayoweza kukuharibia tarehe za kazi za wateja wanaokuja usiku, maana saa nane za usiku zitahesabiwa kuwa za jana yake.

Ingia Linux, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike: timedatectl set-local-rtc 1. Mfumo utakuonya kwamba njia hii huleta matatizo. Onyo hilo linahusu zaidi nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kufuata majira ya mwaka. Tanzania haifanyi hivyo, kwa hiyo hapa Dodoma naiona njia hii kuwa nyepesi na ya kutosha. Baada ya hapo, rekebisha saa upande wa Windows mara moja.

Nikiwa Linux naona faili zangu za Windows, lakini nikitaka kuhifadhi mabadiliko inakataa.

Windows yako haijazimika kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu uitwao Fast Startup, ambao ukibonyeza kuzima, huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Linux ikikuta diski katika hali hiyo hukuruhusu kusoma tu, na inafanya vyema, kwa kuwa kuandika hapo kunaweza kuvuruga faili. Zima utaratibu huo katika mipangilio ya umeme ya Windows. Usijaribu kuilazimisha Linux iandike.

Baada ya Windows kujisasisha, ukurasa wa kuchagua mfumo umetoweka. Je, Linux imefutika?

Kwa kawaida haijafutika. Mara nyingi ni mpangilio wa kuwaka uliobadilika, Windows ikajiweka mbele ya GRUB, programu inayoleta ukurasa huo wa kuchagua. Ingia katika mipangilio ya UEFI, yaani ile ya kompyuta yenyewe inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, na uirudishe Ubuntu juu. Kama badala yake unaona ujumbe unaotaja SBAT, hilo ni jambo jingine: sasisho la Windows la Agosti 2024 lilizuia baadhi ya matoleo ya zamani ya programu ya kuwashia Linux. Humo kwenye UEFI, zima kwa muda Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia, ingia Linux, sasisha kila kitu, kisha uiwashe tena.

Je, mifumo yote miwili inaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja?

Kwa mpangilio huu, hapana. Unachagua mmoja kila unapowasha. Ukiwa na RAM ya GB 16 unaweza kutumia programu ya VirtualBox na kuuendesha mmoja ndani ya mwingine, na kwa mtu anayetaka tu kujaribu, ningemshauri aanzie huko kwa sababu diski haigawanywi kabisa.

Nataka kuiondoa Linux na kubaki na Windows pekee. Nifute tu sehemu yake?

Usianze na kufuta. Sehemu ya Linux ndiyo yenye mafaili ambayo GRUB huyahitaji, na ukiifuta GRUB ikiwa bado ndiyo ya kwanza kuwaka, utaishia kwenye kioo cheusi chenye neno "grub" na mstari wa kuandikia. Nenda UEFI, weka Windows Boot Manager juu ya orodha, washa kompyuta mara mbili tatu ujiridhishe kwamba inaingia Windows moja kwa moja. Hapo ndipo utafuta sehemu za Linux na kuirudishia Windows nafasi yake.