Januari si lazima: panga mwaka wako kwa bamvu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete kaniandikia. Ujumbe wenyewe mrefu, lakini kiini chake ni hichi: mwaka umemvurugikia. Mama yake alianza kuumwa Ramadhani, na yeye ndiye aliyekuwa akipanda naye boti kuja Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, na kurudi Pemba, na kuja tena. Chuo kaacha katikati ya muhula. Biashara yake ya vipodozi aliyokuwa akiifanya nyumbani imekufa, mtaji umeishia kwenye nauli na dawa. Sasa anaona wenzake wameshaanza kutangaza malengo ya mwaka mpya kwenye stetasi. Naye kachukua daftari, kaandika "MALENGO" juu ya ukurasa, na chini yake hakuna kitu. Ananiuliza: "Dada, wewe ulianzaje tena?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu nilikuwa na sare za watu mkononi, na anayeshona anajua Disemba ilivyo, skuli ziko mbioni kufunguliwa. Leo namjibu kwa urefu, na wewe ambaye mwaka umekuendea kombo kaa kitako usome.

Wanaonijua siku hizi wananijua kwa cherehani. Zamani nilikuwa mtu wa hoteli. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, na kazi nilikuwa naijua. Kitaliano sikukisomea darasani, nilikiokota kwa wageni wenyewe, na wapo waliokuwa wakirudi mwaka wa pili wananiulizia kwa jina. Sisemi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu kidogo, nani atanisifu?

Mwanzoni mwa 2020 niliandika malengo yangu kwenye kidaftari kizuri chenye jalada gumu. Kiwanja Fuoni. Kujiunga na SUZA, chuo kikuu chetu cha Taifa, nisomee utalii nipate cheti, maana ujuzi bila karatasi haukupandishi cheo. Harusi baada ya Iddi. Na akiba, ambayo tarakimu yake niliipigia mistari miwili chini.

Yaliyofuata mnayajua. Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Zanzibar, skuli zikafungwa, Aprili ndege za kimataifa zikasitishwa nchi nzima. Kisiwa kinachokula kwa wageni kikabaki hakina mgeni. Sisi wafanyakazi tuliambiwa kwa ujumbe kwenye kundi la simu: likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa. Mshahara wa mwezi ambao tulikuwa tumeshaufanyia kazi haujaingia hadi leo. Nilimwandikia meneja kwa adabu zote, tiki mbili zikawa buluu, basi. Nimeshasema mara nyingi kuwa nimesamehe. Lakini gari ikipita pale mlangoni huwa natazama upande wa baharini.

Na harusi nayo. Upande wa pili ulisema "tusubiri hali itulie". Hali ikatulia, mwenzangu akaoa kwengine. Hilo tuliache, ana watoto sasa.

Nikarudi Jambiani kwa mama mdogo. Yeye ni mkulima wa mwani, katika wale wa mwanzo mwanzo, maana kilimo hichi cha kuuza kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 na yeye alikuwa msichana tu. Pesa za mwani hazijawahi kuwa nyingi, bei ya kilo kila mtu anailalamikia, lakini kwa pesa hizo hizo kaezeka bati, kasomesha, na kanunua cherehani ya miguu ambayo ilikuwa imefunikwa kitambaa kona ya ukumbini.

Wiki za mwanzo nilikuwa nalala mchana. Hakunisema. Siku moja akanigonga mlango: "Inuka, leo bamvu." Nikamfuata.

Kwa msomaji wa bara nieleze. Bahari yetu haikupwi sawa siku zote. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji yanatoka sana, na kwetu huku yanakuwa chini kabisa asubuhi, kama saa nne hivi. Hilo ndilo bamvu. Wanawake wanashuka wakati huo, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanang'oa uliokomaa, wanarekebisha vijiti vilivyolala. Baada ya hapo yanakuja maji mafu, bahari haitoki ya kutosha, na huna la kufanya huko chini hata ungekuwa na hamu vipi. Unakaa nyumbani unaanika, unasuka kamba, unashona. Halafu bamvu jengine. Kwa mwezi mara mbili, daima. Na mwani uliofungwa leo unavunwa baada ya wiki sita hivi, yaani bamvu tatu.

Tulikuwa tumechutama kwenye maji, mgongo unaniuma, nikamuuliza kwa kejeli ya mtu aliyekasirikia dunia: "Mama, wewe malengo yako ya mwaka ni nini?" Akanionyesha kwa kidevu. "Bamvu hili nimalize kamba zile pale. Jengine likija tutaliona."

Nikacheka. Lakini niliendelea kumtazama miezi ile, na nikaona jambo. Maji yanapokuwa moto, mwani unaugua, unageuka mweupe, unakatika wenyewe. Mtu anashuka anakuta kamba tupu, kazi ya wiki zote imekwenda na maji. Mama mdogo hukasirika, husema maneno yake ambayo siyaandiki hapa. Kisha anapita kamba moja moja akitafuta vitawi ambavyo bado vizima. Hivyo ndivyo mbegu. Anavikusanya, anavifunga upya, hata kama vinatosha kamba mbili tu. Sijamwona hata siku moja akifunga kamba mara dufu ili afidie zilizokufa. Mbegu zenyewe angezitoa wapi?

Hapo ndipo nilipolitazama daftari langu kwa jicho jengine. Nilikuwa nikilala usiku napiga hesabu ya namna ya kuurudisha mwaka mzima kwa mkupuo: nikipata kazi Oktoba, nikilipwa mara mbili, kiwanja nitakipata Machi. Mambo ya ndotoni. Swali la kujiuliza lilikuwa moja: mbegu gani imebaki? Nilihesabu. Kitaliano. Uzoefu wa kuzungumza na mtu mwenye hasira akaondoka anacheka. Na cherehani ya mama mdogo iliyofunikwa kitambaa.

Skuli zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Watoto walikuwa nyumbani tangu Machi, wamerefuka, sare zimewabana, na wazazi hawana pesa ya kununua mpya. Jirani akaja na sketi ya mwanawe: "Nishushie pindo hili." Nikashusha. Kesho yake wakaja wengine. Nikasema: bamvu hili nitashusha mapindo na kubadilisha zipu, basi, sigusi kitu chengine. Lililofuata nikajifunza kukata sketi. La tatu nikaingia kwenye mashati, na kola ikanitoa machozi, nilizifumua mpaka kitambaa kikalegea. Sikuvuka kwenda kwenye suruali mpaka kola ilipokubali.

Miezi ya kati siielezi, haina ladha, ni kushona na kufumua tu.

Mwisho wa mwaka ule wageni walianza kurudi, Warusi wengi, hoteli zikafungua milango. Na ile ya kwangu ikanipigia simu. Sauti tamu kabisa, "tunakuhitaji, dada yetu". Nilikuwa na furushi la sare mezani za kukabidhi kabla ya Januari. Nikawaambia ahsanteni, mimi nina kazi. Wallahi nilikata simu nikacheka peke yangu kama mwehu. Leo nina fremu yangu Paje, cherehani za umeme, na wasichana ninaowafundisha, na nguo za wafanyakazi wa nyumba kadhaa za wageni nazishona mimi. Wenye nyumba hizo wengine Wataliano. Nimepatana nao bei kwa Kitaliano chao.

Sasa tuje kwenye ushauri, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Kwanza, Januari si amri. Tazama sisi wenyewe Wazanzibari tuna miaka mipya mingapi. Kuna huu wa kalenda ya ukutani. Kuna Muharram, mwaka wetu wa Kiislamu. Kuna Mwaka Kogwa, Julai, ambapo watu wa Makunduchi wanapigana kwa mapande ya migomba ili wamalize ya mwaka uliopita, wanachoma kibanda, kisha wanakula pamoja. Na Serikali nayo ina mwaka wake wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Aliyekwambia kuwa usipoandika malengo usiku wa tarehe 31 Disemba umechelewa ni nani? Mimi mwaka wangu ulianza siku iliyoletwa sketi ya mtoto wa jirani.

Pili, lengo lako liwe la bamvu moja. Wiki mbili. Andika jambo moja unaloweza kulimaliza kwa mkono wako kabla mwezi haujageuka. Kubwa sana liwe la bamvu tatu, kama mwani. Likizidi hapo, likate. "Mwaka huu nitafungua duka" si lengo, ni dua, na dua mahali pake ni kwenye msala. "Wiki mbili hizi nitajua kodi ya fremu tatu tofauti", hilo lengo. Nitarudia kwa sababu watu hawanisikii: bamvu moja, jambo moja.

Tatu, maji mafu yahesabu. Zipo wiki ambazo hutoweza kitu, mgonjwa kazidi, mtoto ana homa, Ramadhani imeingia na jiko linakusubiri. Usijilaani. Panga kabisa kwamba wiki hizo utafanya kazi ndogo ya kukaa: kupanga risiti, kulipa deni la mtu, kupiga simu moja uliyoikimbia. Deni hasa. Ukiingia mwaka mpya na deni ambalo mwenyewe hujamtazama usoni, kila lengo utakaloandika litakuwa lake.

Nne, funga mdomo. Hapa ndipo ninapogombana na vijana. Lengo halijapata hata siku tatu, liko kwenye stetasi na picha ya jua linalochomoza. Watu wakishakupongeza, moyo unaridhika kama vile kazi imeshafanyika. Na husuda nayo ipo, tusidanganyane. Mimi 2020 kila mtu alijua nina harusi na kiwanja. Ilipoharibika, kila mtu alijua pia, na waliokuja kunipa pole wengine walikuja kuangalia. Safari hii ya cherehani alikuwa anaijua mama mdogo tu.

Na usisafirie nyota ya mwenzio. Huyo unayemwona amenunua gari hujui nani anamlipia mafuta. Dada zangu, tumeharibikiwa kwa kutazama simu za wenzetu. Amka alfajiri, sali, kaa dakika chache, jiulize leo nafunga kamba ipi. Sema Inshaallah kwa kumaanisha. Siku hizi tunaisema Inshaallah tukiwa tumeshaamua kuwa hatutofanya, na hilo ni baya kuliko kusema hapana. Mungu hakupi mwaka kwa mkupuo, anakupa siku, na siku zenyewe wengi wetu tunazimalizia kitandani tukitembeza kidole kwenye kioo. Nasema kwa ukali kwa sababu nimelala sana mchana mimi, najua pale panavyonata.

Turudi Wete. Dada yangu, daftari lako usilichane. Chini ya lile neno "MALENGO" usiandike chochote bado. Geuza ukurasa, uandike mbegu zilizobaki. Mimi nikizisoma kwenye ujumbe wako naziona: muhula uliosoma haujafutika kichwani, wateja wako wa vipodozi namba zao unazo, na umejua kumuuguza mtu na kuzungumza na madaktari, jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Bamvu lako la kwanza liwe chuo. Usikae ukidhani wamekufuta. Nenda mwenyewe au andika barua kwa ofisi ya usajili, eleza ugonjwa wa mama, ambatanisha karatasi za hospitali, uliza kama unaweza kuhesabiwa umeahirisha masomo na lini unaruhusiwa kurudi. Kuuliza tu. Ada tutaizungumza baada ya jibu.

La pili liwe wateja. Wapitie wale waliokopa hawajalipa, bila ugomvi, hata anayekupa nusu pokea. Kwa kitakachopatikana usirudishe duka zima. Nunua bidhaa moja ile iliyokuwa ikitoka haraka, uza, iishe, nunua tena.

La tatu sikwambii, kwa sababu silijui, na wewe hulijui.

Mama mpe salamu zangu na Mungu amuafu. Mwezi ukiandama niandikie umefanya au hukufanya. Maelezo marefu sitaki, nna mapindo ya watu hapa na Januari imefika mlangoni.