Barua kwa mwanangu: orodha za vyuo bora

Mwanangu mpendwa,

Umekubaliwa na vyuo vikuu viwili. Kimoja kimo katika mia mbili bora duniani, kingine kiko nyuma sana, ila idara yake ya uhandisi wa maji ndiyo iliyokuvutia. Unaniuliza kama ukikichagua hicho cha nyuma utakuwa umejiharibia maisha. Hujiharibii, mwanangu. Jua tu hizo orodha zinapima nini.

Chukua ile ya Shanghai, iliyoanza 2003. Asilimia 30 ya alama zake hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields, tuzo kubwa za hisabati, za wahitimu na wanataaluma wa chuo, na asilimia 20 ni makala katika majarida ya Nature na Science. Namna mhadhiri anavyofundisha haina alama yake humo, wala mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekwama kwenye hesabu na hana wa kumsaidia. QS, orodha nyingine maarufu, nayo huwauliza wanataaluma ni vyuo gani wanaviona bora, na majibu yao hubeba alama nyingi. Chuo chenye jina hutajwa kwa kuwa tayari kina jina. Ungekuwa unatafuta pa kusomea uzamivu, ningekusihi uzitazame kwa makini, maana hapo utafiti ndio kila kitu. Wewe unaanza shahada ya kwanza.

Halafu takwimu zenyewe mara nyingi huletwa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022, Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alizichunguza takwimu ambazo chuo chake kilipeleka U.S. News, kampuni ya habari inayotoa orodha ya vyuo vya Marekani. Kilidai kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madarasa yake yana wanafunzi chini ya 20. Yeye akapata kati ya asilimia 62 na 67. Chuo kikakiri makosa, na mwaka huohuo kikashuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Mihadhara haikuwa imebadilika.

Sitakuficha upande wa pili. Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa Marekani wa 2002, waliona kwamba waliokubaliwa na vyuo vigumu kuingia wakaenda kwingine walikuja kupata kipato kinacholingana na cha waliokwenda huko. Lakini watoto wa familia za kipato cha chini walifaidika na vile vyuo vya majina. Asiye na mtu wa kumshika mkono, jina la chuo humfungulia milango. Hilo lipime kwa uzito wake.

Sasa watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara zote mbili. Waulize nani hasa anaingia darasani, profesa au msaidizi wake. Wangapi walioanza nao bado wapo. Na mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Kisha nitumie gharama za kila chuo baada ya kutoa ufadhili, mimi na baba yako tuzipigie hesabu kabla hujathibitisha nafasi.

Mama yako