CR3 kugoma kwenye Lightroom 6: usikimbilie JPEG

Mkuu, umesema una Canon M50, kompyuta ina Lightroom 6 (programu ya Adobe ya kuhariri picha), na picha za mahafali ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) zote zimegoma kufunguka, sasa unawaza kurudi kupiga JPEG. Kadi ni nzima na kamera ni nzima. Lightroom 6 iliboreshwa mara ya mwisho 2017; CR3, aina ya faili la RAW la Canon, imeingia sokoni 2018 na hiyohiyo M50. Anayekushauri ubadilishe jina la faili liwe CR2 (RAW ya Canon ya kabla ya CR3) achana naye, kilichomo ndani hakibadiliki.

Kila kampuni ina RAW yake, yaani faili ghafi la picha kabla kamera haijalichakata kuwa JPEG: Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF. Mpangilio wa ndani hawautangazi, hivyo wenye programu huchimbua wenyewe kila kamera mpya inapotoka. Mwaka 2005 zilizuka kelele baada ya Nikon kufunga kwa msimbo taarifa za waiti balansi (urekebishaji wa rangi kulingana na mwanga) kwenye NEF za kamera yake ya D2X. Kamera umenunua kwa hela yako, picha umepiga wewe, funguo anazo mwingine!

Shusha Adobe DNG Converter, programu ya bure inayogeuza RAW za kampuni mbalimbali kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe. Ielekeze kwenye folda ya CR3, na kwenye mipangilio chagua ulinganifu na matoleo ya zamani. DNG zitakazotoka, Lightroom yako itazifungua. CR3 zenyewe usifute. Ukichoka na mzunguko huo, programu za kuhariri RAW za darktable na RawTherapee, matoleo ya sasa, ni bure na zinasoma CR3 moja kwa moja.

Kurudi JPEG mimi nakukatalia, labda kwa picha za pasipoti. Napiga harusi hapahapa Dodoma. Saa saba mchana nje ya kanisa, jua la kwetu unalijua: shela jeupe linawaka, pembeni suti nyeusi tii. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Inua kivuli cha ile suti kwenye JPEG uone mabaka. Kwenye RAW utaona mpaka mshono wa kola. Ila shela likishaungua kabisa hata RAW hailiokoi, kwa hiyo punguza mwanga wakati wa kupiga. Ukumbini nako, taa za zambarau zinageuza nyuso za watu, na JPEG inakuwa imeshakuamulia rangi.

Kama wahitimu wanakusumbua leo, ndani ya kila CR3 kuna JPEG imejificha. Programu ya ExifTool itakutolea, watumie hizo WhatsApp wakati unahangaika na DNG.